Ukwaju Juu ya Jiwe Jeusi

Kitendawili! Amelala jikoni mwaka mzima, anawekewa sufuria ya moto kifuani, anakatiwa vitunguu mgongoni, anasuguliwa asubuhi na jioni, wala hageuki ubavu. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nachukua Ongole, kule kusini mwa India, maana huko ndiko anakochimbwa: jiwe la graniti, lile la kutandazwa jikoni. Na huko Ongole ndiko jiwe moja lilikotaka kumla mwanamke mzimamzima, kazi yake na jina lake.

Mwanamke mwenyewe ni Subbulu, mke wa Kotayya. Alikuwa akisafisha nyumba tatu katika mtaa wa maofisa, nyuma ya hospitali ya macho. Jumatano ile, siku mbili kabla ya ibada ya Varalakshmi, mungu mama wa neema, aliingia nyumba ya kwanza saa moja kasoro, akavua ndala mlangoni, akamkuta mama mwenye nyumba, Vasundhara, amesimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, nywele hazijachanwa.

"Hebu njoo uone ulichonifanyia," alisema Vasundhara.

Jiwe lilikuwa jipya, halijamaliza hata miezi minne. Jeusi tii, linang'aa mpaka ukiinama unajiona meno. Sasa kando ya sinki palikuwa na mabaka matano ya kijivu, mengine makubwa kama sahani. Subbulu aliweka kiganja juu ya moja. Halikuwa na utelezi wa mafuta wala ukavu wa chumvi. Lilikuwa jiwe tu, ila rangi imekimbia.

"Ni pale nilipoweka ukwaju, mama," alisema polepole. "Nilikuwa nasugua vyombo vya shaba vya ibada."

"Nani alikwambia usugulie juu ya jiwe?"

"Bomba la uani lilikuwa kavu. Ukasema nifanyie ndani."

"Nilisema ndani! Ndani ni kwenye sinki! Hukuona sinki? Tena ukauacha ukwaju ulale hapo usiku kucha!"

"Uliniita niende sokoni kufuata asumini, mama. Niliporudi ukasema giza limeingia, niende nyumbani."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Kusugua shaba kwa ukwaju na chumvi Subbulu alifundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, na hakuna nyumba Ongole isiyofanya hivyo sikukuu ikikaribia. Lakini kweli ule ukwaju ulilala pale. Aliuacha yeye.

Bwana Seshagiri, mume wa Vasundhara, alichungulia na gazeti lake mkononi. "Vasu, si umpigie Phani aje alitazame? Yeye ndiye mtu wa mawe."

"Phani asisikie kabisa! Mdogo wangu amehangaika kunitafutia jiwe la kupelekwa ng'ambo, akalitoa mdomoni mwa meli. Kesho kutwa anakuja hapa na wazazi wa mchumba wake. Nimwambie nini? Kwamba mfanyakazi wangu ameliunguza kama chapati?"

Akachukua ndimu, akaikata, akaikamulia kwenye baka moja, akasugua kwa nguvu bangili zikilia. Baka halikuondoka. Likapanuka. Vasundhara aliitupa ndimu ndani ya sinki.

"Nenda," alisema. "Usirudi. Na mshahara wa mwezi huu usiniulize, jiwe hili ni rupia elfu arobaini."

Kabla Subbulu hajafika getini, Vasundhara alikuwa ameshalipiga jiwe picha na kuituma kwenye kikundi cha simu cha akina mama wa mtaa. Chini yake aliandika: Kazi ya Subbulu. Wenye jiko jipya mjihadhari.

Miguu ya mtu haishindani na simu. Katika nyumba ya pili, Mama Bharati, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyejua kugomba, alimpokea mlangoni bila kumpisha.

"Subbulu, mimi sina neno nawe. Lakini jiwe langu na mimi ni jeusi. Pumzika kidogo, sikukuu ipite."

"Nipumzike nile nini, mwalimu?"

Mama Bharati alitazama chini, akafunga mlango taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nyumba ya tatu hawakufungua kabisa. Sauti ilitoka dirishani: "Leo hakuna kazi!" Na bomba la jikoni lilikuwa linasikika likimwaga maji juu ya vyombo.

*

Nyumbani kwao, karibu na njia ya reli, mama mkwe wake Achamma alikuwa anachagua mchele juu ya ungo. Kotayya alikuwa kitandani barazani, mto mgongoni, akipumua kwa zamu: mara pumzi, mara kikohozi.

"Umerudi na jua bado halijapanda," Achamma alisema. "Wamekupa likizo au wamekupa teke?"

"Teke, mama."

"La mguu upi?"

"La nyumba tatu."

Achamma aliacha ungo. Subbulu aliketi kwenye kizingiti akawaeleza yote: ukwaju, mabaka, ndimu, picha. Hakulia. Alipofika kwa Mama Bharati alikunywa maji kwanza, ndipo akaendelea.

"Kosa ni langu," alimaliza. "Niliuacha ukwaju ulale."

"Ngoja kwanza," Kotayya alisema, akajiinua kwa kiwiko. "Umesema ndimu nayo ililitoa rangi?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Jiwe lina nukta za dhahabu, kama ile graniti nyeusi ya ghali ya kwetu?"

"Halina. Jeusi tupu."

"Ukipitisha kitambaa chini ya ukingo, kule kusikoonekana, kuna rangi gani?"

Subbulu alifikiri. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta huko chini kila siku. Mwenye nyumba hakuwahi kuinama. "Kijivu," alisema. "Nilidhani ni saruji."

Kotayya alilala tena chali. Garimoshi la mizigo likapita lote, behewa kwa behewa.

"Mama Nagesh," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao aliyekuwa kazini Chennai, "unakumbuka nilivyokuwa narudi kutoka kiwandani mikono myeusi mpaka kiwikoni?"

"Vumbi la mawe."

"Vumbi la mawe ni jeupe. Mimi nalijua, limo humu kifuani." Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Ile ilikuwa rangi. Jiwe zuri linapanda lori kwenda bandarini. Linalobaki ni la kijivu, halina mnunuzi. Basi linaletwa kwetu, tunalipaka rangi kwa sponji, tunalipaka mafuta, tunaling'arisha, linauzwa jeusi. Graniti ya kweli huiweki ukwaju usiku mmoja ikageuka. Hata wiki. Hiyo iliyokimbia ni rangi ya sponji."

"Miaka kumi na mbili," Achamma alisema, "nilikuwa nakufulia mashati nikilaani vumbi."

"Nilipewa mia tatu kwa siku, mama, za kupaka na za kunyamaza."

Subbulu alikuwa ameshasimama, anajifunga vizuri pindo la sari. "Wataniamini vipi? Nikisema mume wangu kasema, watacheka."

"Usiseme kitu. Tafuta dawa ile ya kutolea rangi ya kucha. Iweke kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali ambapo hapajaguswa na ukwaju. Jiwe la kweli, kitambaa kinabaki cheupe. Jiwe la kupakwa, utaona."

Alipoitaja dawa ile kwenye duka la bangili, mwenye duka alimtazama Subbulu vidole, vile vidole vilivyopasuka kwa sabuni, kisha akamtazama usoni.

"Dada Subbulu! Kucha zipi?"

"Za mlima, zile za mawe," Subbulu alijibu. "Toa kichupa, acha maneno."

*

Alhamisi asubuhi Vasundhara alifungua geti nusu.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kusafisha, mama. Dakika tano. Baada ya hapo ukinifukuza sitabisha."

Pengine ni kwa sababu ya vyombo vilivyojaa sinki na wageni wa kesho. Vasundhara alisogea pembeni.

Subbulu hakwenda kwenye mabaka. Alikwenda pembe ya mbali, akahamisha makopo ya viungo, mahali ambapo jiwe lilikuwa bado zima, linang'aa. Alimwonyesha mama mwenye nyumba kitambaa, upande huu na upande huu, kama mfanya mazingaombwe. Akamimina matone machache, akasugua mara sita, saba. Harufu kali ikajaa jikoni. Akakigeuza kitambaa.

Kilikuwa cheusi kama chungu kilichotoka kwenye kuni. Na pale kwenye jiwe pakawa na duara la kijivu.

Vasundhara alikinyakua kitambaa na kichupa, akasugua mwenyewe, mahali pengine. Cheusi. Akasugua ukingoni. Cheusi. Kisha akainama, kwa mara ya kwanza tangu jiwe liwekwe, akatazama chini ya ukingo. Alipoinuka, alivuta kigoda akakaa.

"Phani anajua mawe," alisema kwa sauti ndogo. "Anajua mawe tangu ana miaka kumi na nane."

Subbulu alirudisha kopo moja la viungo mahali pake.

"Hawezi kuwa hakujua."

"Mimi sijui, mama. Mimi najua ukwaju wangu tu."

Vasundhara alifuta uso kwa pindo la sari, akasimama, akafunga mlango wa jikoni.

"Nisikilize, Subbulu. Kesho wazazi wa binti wanakuja. Baba yake ana malori ya mawe, na anataka kumkabidhi Phani ofisi. Likijulikana hili, ndoa imekwisha. Wewe endelea na kazi. Mshahara wako wote, na nyongeza ya mia tano. Nitasema umeomba radhi, nami nimekusamehe. Watu watasahau."

"Watasahau jiwe, mama. Mimi hawatanisahau. Picha yangu iko kwenye simu za nyumba kumi na moja."

"Picha ya jiwe, si yako."

"Jina langu liko chini yake."

"Mia saba."

"Mama, mimi sina duka wala shamba. Nikifika mlangoni kwa mtu, kinachoingia kwanza ni jina. Hilo halina nyongeza."

"Kwa hiyo utanifedhehesha mbele ya wageni, siku ya ibada?"

Subbulu alikunja mikono yake, akaitazama. "Sitakwenda nyumba kwa nyumba. Kesho nitakuja kukusaidia, maana peke yako huwezi. Nisipoulizwa, sitasema. Nikiulizwa, sitadanganya."

Akageukia sinki, akaanza kuosha vyombo. Vasundhara alichukua kichupa na kitambaa akavitia kabatini, nyuma ya debe la unga.

*

Ijumaa nyumba ilinukia asumini, samli na wali wa ukwaju. Sanamu ya mama Varalakshmi ilivishwa hariri, vyombo vya shaba viking'aa mbele yake. Vasundhara alikuwa ametandika kitambaa chenye maua juu ya jiwe, kutoka sinki hadi pembeni, na juu yake sinia za dengu zilizolowekwa, tambuu, popoo na ndizi. Usingejua kitu.

Akina mama wa mtaa walikuja na sari zao nzito. Mama Bharati alipomwona Subbulu alijifanya anatafuta miwani. Sebuleni alikaa Phani, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na pembeni yake wazazi wa mchumba: baba mnene mwenye masharubu, na mama ambaye macho yake yalikuwa yakihesabu mapazia.

Mambo yangepita salama kama si Kameswari. Huyu Kameswari alikaa nyumba ya pembeni kabisa, na hajawahi kuona kifuniko asikifunue. Alifuata maji jikoni akamkuta Subbulu anapanga tambuu.

"Eeh! Si huyu huyu?" alisema, na sauti yake haikuwahi kujua kunong'ona. "Vasundhara, bado unamweka? Mimi angeniunguzia jiwe ningempeleka polisi!" Akainua pembe ya kitambaa. "Yarabi! Ni kama ngozi ya ng'ombe!"

Wanawake walisogea mlangoni. Baba mwenye masharubu naye alisimama aone, maana mawe ndiyo kazi yake. Phani alikuja nyuma yake, akicheka kicheko chepesi.

"Nilimwambia dada," alisema. "Jiwe kama lile huwezi kumkabidhi mtu anayelala chini. Hawa wanajua kufua tu."

"Hebu sema mwenyewe," Kameswari alimwambia Subbulu. "Ulimwagia nini?"

Subbulu aliweka chini majani ya tambuu. Alimtazama Vasundhara mara moja, si kwa kumwomba.

"Nimeulizwa," alisema. "Niliweka ukwaju. Lakini ukwaju hauli graniti. Jiwe hili lilipakwa rangi kabla halijafika hapa."

Kameswari aliiachia pembe ya kitambaa.

"Mwongo!" Phani aliruka. "Dada, unamwacha mfanyakazi anitukane mbele ya wakwe zangu? Mtoe nje!"

Sasa macho yote yalikuwa kwa Vasundhara. Alikuwa amesimama na sinia ya manjano mkononi, vidole vyote vya njano, kwa ajili ya kuwapaka miguu wageni wake. Neno moja tu lingetosha. Angesema "toka", Subbulu angetoka, na mageti kumi na moja yangejifunga nyuma yake kwa maisha. Naye Vasundhara angekuwa amemwokoa mtoto wa mama yake.

Vasundhara akamgeukia Phani.

"Phani, unajua mawe wewe," alisema. "Chini ya ukingo ni rangi gani?"

"Dada, wageni wanangoja..."

"Rangi gani?"

Phani hakuinama kutazama. Mtu asiyejua angeinama.

Vasundhara aliweka sinia chini. Alifungua kabati, akatoa kichupa na kile kitambaa cha jana nyuma ya debe la unga, akakikunjua kwenye upande wake mweupe, akalifunua jiwe katikati, akasugua mbele ya wote. Akakiinua. Kwa mkono ule ule wenye manjano, akampa yule baba mwenye malori.

"Subbulu hana kosa," alisema. "Nilimsingizia. Nilijua tangu jana, na bado nilitaka alibebe yeye. Picha naifuta, na nitaandika vingine nikishanawa mkono."

Baba mwenye masharubu alikinusa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya sinki. Alimwambia mkewe tu, "Viatu vyangu viko wapi?"

*

Ndoa haikuvunjika siku ile, wala haikufungwa. Ilisukumwa mbele, na ofisi ikapewa mtu mwingine. Phani hakuja tena kwa dada yake miezi mingi. Vasundhara alilia jioni mbili. Siku ya tatu akaamka, akafunga nywele, akamwuliza Subbulu habari za rangi ile alizijulia wapi, kisha akamtuma amlete Kotayya aje awaonyeshe kulivua jiwe rangi yote.

Walimwekea kiti karibu na dirisha kwa ajili ya pumzi yake. Kazi waliifanya wanawake wawili, vitambaa vikigeuka vyeusi kimoja baada ya kingine, mpaka ndoo ikajaa.

"Sugueni kwa kufuata mstari mmoja, msizunguke," Kotayya aliwaelekeza. "Hapo mama umeruka."

"Wapi?"

"Hapo kwenye kivuli chako. Nami nakuomba radhi, mama. Mikono kama yangu ndiyo iliyopaka."

"Wewe ulipaka jiwe," Vasundhara alisema, bila kuacha kusugua. "Mimi nilimpaka mtu."

Jiwe lilipokwisha kuvuliwa lilikuwa la kijivu, lenye michirizi myeupe kama mvua inayoonekana kwa mbali. Si baya. Kotayya aliwapa dawa ya kuzibia vitundu, walipaka mara mbili, na Subbulu akasimama mbele ya mama mwenye nyumba kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Sasa hili halijifichi, mama. Manjano yasilale juu yake hata saa moja. Mafuta yakimwagika, futa kabla hujazima jiko. Sabuni laini na maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa kikavu. Kila mwezi dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga, sawa. Likinywewa, niite tupake dawa tena."

"Nitasahau."

"Hutasahau. Nitakuuliza."

Wiki iliyofuata Mama Bharati alimwambia Subbulu, macho chini, kwamba alikuwa ameshachukua mtu mwingine na hawezi kumfukuza. Subbulu alisema haya, mwalimu, akaondoka. Nyumba ya tatu walimrudisha kwa haraka, wakajifanya ile sauti ya dirishani haikuwa yao. Basi zikawa nyumba mbili, na dawa za Kotayya hazikupungua bei kwa ajili hiyo.

Akiwa anapita mwisho wa mtaa, geti la pembeni likafunguka kidogo. Alikuwa Kameswari, na safari hii alikuwa ananong'ona.

"Subbulu. We, Subbulu. Njoo mara moja. Na kile kichupa chako. Asikuone mtu."

"Kuna nini, mama?"

"Jiwe langu ni jeusi. Nalo nililetewa na shemeji. Tangu Ijumaa silali, nakwenda jikoni nalitazama kama mgonjwa!"

Subbulu aliingia. Alichagua pembe isiyoonekana, akamimina matone, akasugua mara kumi ili asibakize shaka, huku Kameswari amejiziba macho kwa viganja viwili. Kisha akakigeuza kitambaa. Kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye kamba.

"Fungua macho. Jiwe lako ni la kweli."

Kameswari alikishika kitambaa akakibusu, akacheka, akafuta machozi nacho mpaka ile dawa ikamwasha, akacheka tena. Subbulu alingoja amalize. Alikuwa ameshaliona sinki lilivyojaa, na sakafu, na masufuria yaliyoungua chini.

"Sasa, mama," alisema, akivuta kigoda na kuketi, "tuongee habari ya kazi."